Usitoe mukate kabla hujaweka kingine: mtoto mwenye otisimu na sahani yake

Saa kumi na mbili asubuhi, katika kartie moja ya Kolwezi, baba anarudi kutoka kazi ya usiku. Viatu anavivua nje ya mlango, kofia ya mgodi anaitundika ukutani. Ndani, mtoto wake wa kiume, mwenye miaka 4 na miezi 4, ameketi tayari mbele ya sahani ya plastiki ya rangi ya bluu. Juu ya sahani kuna kipande cha mukate, kimekatwa pembe nne, ganda limetolewa. Pembeni kuna kikombe cha chai ya maziwa. Mtoto hamtazami baba. Anatazama mukate. Anaugeuza, anaunusa, anauweka tena chini, halafu anaanza kula.

Mama anatuambia kwa sauti ya chini: "Muone vile anakula. Kuko siku tulikuwa tunalilia hii tu."

Tulikwenda kwa jamaa hii kwa sababu wazazi wengi wa kambi za wachimbaji wanatuuliza swali moja: ni kweli kwamba mtoto mwenye otisimu akitolewa mukate na maziwa ataanza kusema? Jamaa hii ilijaribu. Walikubali kutusimulia yote, pamoja na yale ambayo leo wanayaonea haya. Majina yao tunayaficha kwa heshima ya mtoto.

Otisimu ni nini

Kwanza tusemane vizuri. Otisimu, ambayo ndugu zetu wa Tanzania na Kenya huiita usonji, si ugonjwa wa kuambukiza wala si laana. Ni namna ambavyo ubongo wa mtoto unakua tangu mwanzo. Mtoto anaweza kuchelewa kusema, au asiseme kabisa. Anaweza kukwepa macho ya watu, kurudia jambo moja siku nzima, kuziba masikio akisikia kelele ndogo. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na otisimu. Kwa hiyo, katika kila kambi kubwa ya wafanyakazi wamo watoto kama hawa, hata kama jirani hajui jina la hali yao.

Shida ya chakula ni ya zamani kama jina lenyewe. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, kule Marekani, alipoandika habari za watoto 11 wa kwanza, alionyesha kwamba kadhaa kati yao walikuwa na shida ya kula tangu utoto. Mtoto wa namna hii hachagui chakula kwa kiburi. Ulimi wake, pua yake na masikio yake vinasikia kupita yetu. Sombe, ambayo kwako ni laini na tamu, kwake inaweza kuwa kitu chenye nyuzi kinachomkwama mdomoni. Samaki kwake ni harufu kali kabla ya kuwa chakula. Mukate wa jana na mukate wa leo vinafanana, na ndiyo sababu anauamini.

Mtoto wa Kolwezi alikuwa na vyakula sita tu: mukate, biskuti za maziwa, chai ya maziwa, wali mweupe, bukari kavu ya muhogo bila mboga, na yai la kuchemsha. Sita tu, lakini alikuwa anaishi. Mwezi wa kwanza alikuwa na kilo 15 na gramu 200.

Sauti katika simu

Halafu simu ya shangazi ikaleta sauti. Mtu mmoja, ambaye hakuna hata mmoja wao aliyemfahamu, alikuwa anaeleza kwamba otisimu inaletwa na mukate na maziwa. Utoe hivi viwili, utoe na sukari, utoe na mayai, ununue poda yake, na kwa miezi mitatu mtoto atasema "mama".

"Mama gani atasikia neno hili na asijaribu?" mama anatuuliza. Hatukuwa na jibu.

Walitoa vyote siku moja. Poda ilikuwa bei kali, wakaiacha. Lakini katika duka moja la mjini walipata unga ulioandikwa kwa Kifaransa kwamba hauna gluteni. Dola 9 kwa paketi ya nusu kilo. Baba akafanya hesabu mbele yetu: paketi tatu ni bei ya mfuko mzima wa unga wa mahindi wa kilo 25, na nyumbani kuna watu saba. Walinunua paketi tano. Mama alipika mukate wa unga ule. Mtoto aliunusa mara moja, akausukuma, akapiga kichwa ukutani.

Vilibaki wali na bukari ya muhogo. Wiki ya kwanza alilia usiku. Wiki ya tatu alinyamaza, na watu wa nyumba wakafurahi. "Tulisema dawa imeanza kazi," anasema baba. "Alikuwa ametulia. Kumbe ilikuwa nguvu ndiyo imekwisha."

Nkambo, mama mzee wa upande wa baba, aliona mambo kwa njia yake: "Mutoto mwenye njaa hachague. Mumuache, atakula." Kwa watoto wengi nkambo ana haki. Lakini wako watoto wenye otisimu ambao watakaa na njaa hadi kuanguka kuliko kutia mdomoni kitu wasichokiamini. Huyu alikuwa mmoja wao.

Wiki ya saba, mama alipomwogesha, alihesabu mbavu. Alimfunga mgongoni, akaenda kwenye kituo cha afya. Munganga alimweka kwenye kilo: 13 na gramu 100. Akachukua ule utepe wa rangi tatu ambao akina mama wote wanaujua, akauzungusha kwenye mkono wa juu: milimita 121. Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, kupita 125 ni kijani, kati ya 115 na 125 ni manjano, chini ya 115 ni nyekundu, yaani hatari kubwa. Mtoto alikuwa manjano, na alikuwa anatelemka.

Munganga hakuwagombeza. Aliuliza anakula nini, akaandika. Kisha akasema maneno ambayo mama anayarudia hadi leo: "Mulitoa yenye alikuwa anakula, na hamukutia kitu pa fasi yake."

Je, chakula hicho kinaponya otisimu?

Wazo hili halikutoka kwa yule mtu wa simu. Tangu miaka ya 1970 na 1980 kulikuwa na wataalamu waliofikiri kwamba gluteni, iliyo ndani ya ngano, na kaseini, iliyo ndani ya maziwa, zikivunjika tumboni zinatoa vitu vinavyochezea ubongo. Lilikuwa wazo la kupimwa, na likapimwa.

Tuchukue mfano mmoja. Katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, watoto wadogo wenye otisimu waliwekwa kwenye chakula kisicho na ngano wala maziwa, chini ya uangalizi wa wataalamu wa lishe. Baadaye, kwa wiki 12, kila wiki walipewa kitafunio. Siku nyingine kilikuwa na ngano ndani, siku nyingine maziwa, siku nyingine vyote viwili, siku nyingine hakuna kitu. Mzazi hakujua, mpimaji hakujua. Watoto 14 walifika mwisho. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016: usingizi, choo, mwenendo, hakuna kilichobadilika kwa sababu ya ngano au maziwa. Kundi lilikuwa dogo, ni kweli. Lakini hata wakubwa wa afya wa Uingereza, walipokusanya kazi nyingi pamoja mwaka 2013, waliwaambia waganga wao wasitumie chakula cha kutoa gluteni au kaseini kama dawa ya otisimu yenyewe.

Kwa upande mwingine, hatari inajulikana. Wavulana wa Marekani wenye otisimu, wa miaka 4 hadi 8, walipimwa mifupa ya mkono, na habari zao zikatoka mwaka 2008. Mifupa yao ilikuwa miembamba kuliko ilivyopaswa, na waliokatazwa maziwa walikuwa na hali mbaya zaidi.

Sasa mzazi mwingine atasema: "Lakini mimi nilitoa maziwa, na wangu alipata nafuu." Hatumwiti mwongo. Watu wengi wa Afrika, wakishapita umri wa kunyonya, tumbo lao linapoteza nguvu ya kusaga sukari ya maziwa. Wakinywa, tumbo linajaa hewa, linauma, linaharisha. Na watoto wenye otisimu wana shida za tumbo mara nyingi, hasa kufunga choo. Mtoto asiyesema hawezi kukuambia "tumbo inaniuma". Atapiga kelele, atajing'ata mkono, hatalala. Ukitoa kitu kinachomuumiza, atatulia. Hapo umetibu tumbo. Ni jambo jema sana, lakini si kuponya otisimu, na haidai kutoa vyakula vinne siku moja.

Kuna pia ugonjwa wa kweli wa gluteni, unaitwa siliaki. Mwenye nao ni lazima aache ngano maisha yote. Lakini unajulikana kwa kupima damu, na kipimo kinadai mtu awe bado anakula ngano. Ukitoa mukate kwanza halafu ukaenda kupima, kipimo kinaweza kukudanganya.

Posho yetu na muhogo wetu

Jambo moja lilimchekesha baba alipolisikia. Gluteni iko katika ngano, shayiri na rai ya Ulaya. Katika mahindi hamna. Katika muhogo hamna. Mchele, mtama, uwele, maharagi, kalanga, viazi, vyote havina. Bukari yetu haina gluteni tangu mababu, na hakuna aliyeiandika kwenye paketi ili aiuze dola 9. Kama munganga amepima na kusema ni lazima mtoto aache ngano, usikimbilie duka la mjini. Enda sokoni.

Wazee wetu wanaokumbuka posho ya Union Minière, na baadaye ya Gécamines, wanajua kwamba katika mfuko haukuwamo unga peke yake. Mlikuwa na maharagi, samaki, kalanga, mafuta. Waliopima posho ile walitaka mtu wa kazi ngumu apate nguvu, lakini walijua pia kwamba unga peke yake haujengi mwili. Na mwili wa mtoto nao unajengwa.

Hapa tunaomba wazazi wasome polepole. Muhogo mchungu una sumu ndani yake, na ndiyo maana mama zetu wanauloweka siku kadhaa na kuuanika mbele ya kuusaga. Ukiloweka haraka haraka kwa sababu ya njaa au ya soko, sumu inabaki. Mwili unaweza kuitupa sumu ile, lakini unahitaji nguvu za nyama, samaki, mayai, maziwa au maharagi. Mtoto anayekula muhogo usiolowekwa vizuri kila siku, bila vitu hivi, anaweza kupata konzo: miguu inakauka ghafla na hairudi tena kama zamani. Jina lenyewe ni la Kiyaka, linamaanisha miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliandika habari zake kutoka Kwango, hapa hapa Congo, mwaka 1938. Mtoto wetu wa Kolwezi, aliyetolewa mayai na maziwa na kuachiwa wali na bukari ya muhogo, alikuwa amewekwa kwenye njia hiyo bila mtu kujua. Na sombe pia: iponde vizuri, ichemshe sana.

Fimbo, mfungo na neno "ndoki"

Jambo lingine ni gumu kulisema, lakini tutalisema. Wakati mtoto alipokuwa anakonda, jirani alileta habari kwamba mtoto asiyekula na wengine anakula usiku "kwa njia nyingine". Mtu alipendekeza wampeleke mahali pa maombi, afunge siku tatu bila kula wala kunywa.

Baba alikataa. "Nikasema hapana. Mutoto anakufa na njaa, na dawa ni njaa tena?"

Alifanya vema. Kumwombea mtoto hakukatazwi na mtu. Lakini kumnyima chakula na maji mtoto wa miaka 4 ni kumuua polepole. Na kumwita mtoto mchawi ni kosa mbele ya sheria ya nchi: Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inalikataza waziwazi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaliadhibu. Mzazi anayebanwa na jamaa anaweza kulitaja hilo bila woga.

Fimbo nayo haisaidii. Mtoto akipigwa mbele ya sahani, ataogopa sahani. Na kumfungua mdomo kwa nguvu ni hatari: chakula kinaweza kupita njia ya pumzi.

Walivyojenga upya

Munganga aliwarudisha nyuma kwanza. Mukate ukarudi. Maziwa, mayai na biskuti vikarudi. Wiki mbili za kwanza hawakumuomba mtoto jambo lolote jipya, ila ashibe. Halafu wakaanza kuongeza kidogo kidogo. Tunaandika hapa njia yao, kwa sababu haikudai pesa nyingi.

Walianza na daftari. Kila siku mama aliandika alichokula, saa ngapi, na choo kilikuwaje. Baada ya wiki tatu daftari likaonyesha kitu ambacho hakuna aliyekiona: siku za kelele nyingi zilikuwa siku ambazo choo kilifunga. Wakaongeza maji kwenye kikombe chake kile kile, na mapapai yaliyopondwa ambayo alianza kwa kulamba tu.

Sahani yake ilikuwa jambo la pili. Kwetu tunakula mduara, mikono katika bukari moja. Ni upendo. Lakini mtoto huyu hakuweza kuona mikono sita ikigusa chakula chake. Walimpa sahani ya bluu, kwenye mkeka ule ule, pembeni ya wengine. Majirani walisema anadekezwa. Nkambo alisema anatengwa. Leo nkambo ndiye anayeifua sahani ya bluu na kuificha ili watoto wengine wasiipoteze.

Kisha ikafuata saa. Anakula mara tatu, na kati yake vitafunio viwili. Katikati ni maji tu. Mtoto anayetembea na biskuti mkononi siku nzima hafiki mezani na njaa.

Vyakula vipya vinaingia kwa kupita kwenye vya zamani. Hawakumletea kalanga kwenye sahani. Walipaka kalanga iliyosagwa juu ya mukate wake, safu nyembamba ambayo karibu haionekani, kwenye kona moja tu. Aliikata kona ile akaitupa. Kesho tena. Kesho kutwa tena. Siku ya kumi na moja alisahau kuitupa. Waganga wanasema mtoto wa kawaida anaweza kudai mara 10 hadi 15 kuonja kitu kipya kabla ya kukikubali, na mwenye otisimu anaweza kudai zaidi. Kukigusa ni hatua, kukinusa ni hatua. Kukilamba na kukitema pia ni hatua, si tusi.

Waliepuka pia kumficha. Siku moja shangazi alitia unga wa ndakala katika chai ya maziwa bila kusema. Mtoto aliutambua kwa kijiko cha kwanza, akakataa chai siku nne. Karibu wapoteze chakula kati ya sita. Sasa unga wa ndakala, waliokaushwa na kusagwa na mifupa yao, unakaa katika kibakuli kidogo pembeni, na mama anatia chembe juu ya bukari mbele ya macho yake. Kama anaipangusa, anaipangusa. Ndakala wazima na mifupa wana kalisi ya mifupa, na kwa nyumba ambayo maziwa yameumiza tumbo kweli, wao ni msaada mkubwa, pamoja na soya, maharagi na majani ya kijani kama lenga-lenga na matembele.

Vumbi la baba

Kuna hatari moja ambayo ni yetu sisi watu wa migodi. Watoto wenye otisimu mara nyingi wanatia mdomoni visivyo chakula: udongo, rangi ya ukuta, pemba ya sokoni, nguo. Na udongo wa Kolwezi si udongo wa kila mahali. Mwaka 2014 katika kartie ya Kasulo watu waligundua kobalti chini ya nyumba, wakachimba hata ndani ya viwanja vyao. Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walipima watu wa pale, na mwaka 2018 walitangaza kwamba kobalti katika mkojo ilikuwa juu, na kwa watoto juu zaidi.

Hatusemi kwamba kobalti inaleta otisimu. Hilo halikuonyeshwa. Tunasema kwamba mtoto anayelamba kila kitu anameza vumbi zaidi ya kaka yake. Na mtoto ambaye damu yake haina chuma cha kutosha, kwa sababu hali nyama wala maharagi, mwili wake unavuta zaidi madini mabaya kama risasi na kobalti. Chakula chembamba na vumbi vinasaidiana kuumiza.

Ndiyo sababu baba huyu anavua viatu nje. Nguo za kazi hazifuliwi katika beseni moja na za watoto. Mfuko wa mawe hauingii uani, na mawe hayapondwi karibu na jiko. Mikono ya mtoto inaoshwa kila mara mbele ya sahani ya bluu, na yeye sasa anajua: maji kwanza, halafu mukate. Kurudia jambo moja, ambako kulichosha watu, hapa kumekuwa msaada.

Na mtu akikuuzia dawa ya "kuvuta madini" kutoka mwilini mwa mtoto ili kuponya otisimu, mkimbie. Mwaka 2005, Pennsylvania, Marekani, mtoto wa miaka 5 mwenye otisimu alikufa wakati anatiwa dawa ya namna hiyo kwenye mshipa.

Kama bado unataka kujaribu

Hatuwezi kuingia kila nyumba. Kama una sababu ya kufikiri kwamba chakula fulani kinamuumiza mtoto wako, zungumza na munganga kwanza. Umpime kilo kabla. Utoe kitu kimoja tu, si vinne. Kabla ya kukitoa, hakikisha kuna kingine ambacho tayari anakila na kinachofanya kazi ile ile. Weka tarehe ya mwisho, wiki nne kwa mfano, na uandike kila siku. Usipoona tofauti, rudisha. Kilo ikishuka, rudisha leo leo, usingoje kesho. Na ukiona uvimbe wa miguu, nywele kubadilika rangi, ufizi kutoa damu, au mtoto kulegea, usingoje daftari: enda lopitali.

Tulirudi Kolwezi baada ya miezi minne. Mtoto alikuwa na kilo 14 na gramu 900. Utepe ulikuwa kijani. Vyakula vyake sita vimekuwa tisa: kalanga imeingia, papai limeingia, na maharagi yaliyopondwa hadi kuwa kama uji. Bado hasemi. Tulimuuliza mama kama hilo linamuuma.

Alifikiri kidogo. "Linaniuma. Lakini mbele nilikuwa nangojea neno, na mutoto alikuwa anaisha mbele ya macho yangu. Sasa namungojea nikimulisha."

Wakati tunaaga, mtoto alimaliza mukate wake. Alichukua sahani ya bluu, akaenda nayo hadi kwa nkambo, akaiweka juu ya magoti yake. Nkambo hakusema kitu. Alikata kipande kingine, pembe nne, akatoa ganda.